ADA LOVELACE: ALIYEIANDIKIA MASHINE ISIYOKUWAPO

Tarakilishi mnaijua. Lakini je, mnajua kwamba programu ya tarakilishi iliandikwa kabla ya tarakilishi yenyewe kuwapo? Tena na mwanamke!

Ada alizaliwa London, Uingereza, tarehe 10 Desemba 1815. Babake alikuwa malenga mashuhuri, Lord Byron. Wazazi walitengana mtoto akiwa na mwezi mmoja tu, baba akaenda zake ng'ambo, akafia Ugiriki mwaka wa 1824. Binti hakupata kumjua. Mama naye alichelea mtoto asije akarithi vituko vya babake, basi akamtafutia walimu wa hisabati. Wengine wetu tungetoroka! Mwaka wa 1829 aliugua surua, akashindwa kutembea, akawa mtu wa magongo kwa muda mrefu.

Akiwa na miaka 17 alikutana na Charles Babbage, mwanahisabati aliyekuwa akiunda mashine ya kupiga hesabu. Baadaye Babbage alibuni nyingine kubwa zaidi, ya kuamrishwa kwa kadi zenye matundu kama zile za mitambo ya kufumia hariri kule Ufaransa. Hapo ndipo nilipoelewa. Nyanya akisuka kiondo hapa Mwala huhesabu nyuzi: hizi nyeusi, zile nyekundu, kisha anarudia. Akikosea moja, ua lote limeharibika. Kumbe kadi zile ni hesabu ya nyanya iliyotobolewa kwenye karatasi ngumu!

Mwaka wa 1842 Mwitaliano Luigi Menabrea alichapisha makala ya Kifaransa kuhusu mashine hiyo. Ada, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto watatu, aliitafsiri kwa Kiingereza, akaongeza maelezo yake yaliyoizidi makala yenyewe karibu mara tatu kwa urefu. Yalitoka mwaka wa 1843 yakiwa na herufi A.A.L. tu. Humo alionyesha, hatua kwa hatua, jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli. Wapo wataalamu wanaobisha eti Babbage alikuwa ameandika hatua kama hizo mbele yake. Sawa, wabishane. Ada aliona pia kwamba mashine ingeweza kushughulikia hata muziki, mradi kanuni zake zijulikane. Leo wanaoandika programu za kuwasaidia wanasayansi kutabiri mvua wanafuata njia hiyo hiyo.

Mwalimu wake, Augustus De Morgan, alikiri kipawa chake, lakini akamwandikia mamake akihofu kwamba hisabati nzito ingeushinda mwili wa mwanamke. Sisi wasichana bado tunaambiwa hivyo njiani tukirudi nyumbani, eti fizikia tuwaachie wavulana.

Hakuwa malaika, maana alipoteza pesa nyingi kwa kamari ya farasi. Saratani ya mfuko wa uzazi ilimuua tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, umri ule ule aliofia babake. Kwa ombi lake alizikwa kando ya baba huyo. Mashine ya Babbage ilikuwa bado ni michoro tu.