Bibi Katharina Luther na Mapipa Yake



Katika sharika zetu jina la Daktari Martin Luther lajulikana hata kwa watoto wa Kipaimara. Lakini jina la mkewe halitajwi sana, nalo likitajwa, twaambiwa tu ya kwamba alikuwa mtawa, akaolewa na mtawa, basi. Mwezi huu twapenda kuwasimulia maisha yake, na hasa jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi kwa kuona haya, yaani kwamba mama huyu alikuwa mpika bia. Sisi hatutalipita. Tumeona kwamba mtu akiyafahamu mapipa ya Bibi Katharina, ataifahamu imani yake pia.

Katharina von Bora alizaliwa tarehe 29 Januari 1499 katika nchi ya Saxony, Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa cheo, lakini mali ilikuwa imekwisha. Mama yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, na baba yake akampeleka kwa watawa wa Brehna ili alelewe na kufundishwa. Baadaye akahamishiwa Nimbschen, karibu na mji wa Grimma, ambako shangazi yake Magdalena alikuwa mtawa. Huko aliweka nadhiri mwaka 1515. Nyumba ile ilikuwa na mashamba, na mifugo, na ghala, na jiko la kulisha watu wengi. Basi msichana aliyekulia humo alijifunza zaidi ya sala na kusoma: alijifunza kwamba nyumba kubwa haiwi na amani kama hakuna mtu wa kuhesabu magunia.

Mafundisho ya Injili yakapenya hata ndani ya kuta zile. Katika usiku wa kuamkia Pasaka, mwaka 1523, watawa kumi na wawili walitoroka kwa msaada wa Leonhard Koppe, mfanyi biashara wa Torgau, aliyezoea kuleta bidhaa katika nyumba yao. Tisa kati yao wakafika Wittenberg, hawana fedha wala nguo ila zile walizovaa. Wenzake wakaolewa au wakarudi kwa jamaa zao, Katharina akabaki. Tarehe 13 Juni 1525 aliolewa na Daktari Luther. Bwana arusi alikuwa na miaka 41, bibi arusi miaka 26. Baraza la mji likawapa, pamoja na zawadi nyingine, pipa la bia ya Einbeck, iliyosifiwa sana siku zile. Lakini pipa la zawadi hunywewa likaisha, na baada ya arusi huja siku za kawaida.

Nazo siku hizo zilikuwa ngumu. Waliishi katika nyumba ya zamani ya watawa wa Agostino, kubwa, yenye vyumba vingi na vitu vichache. Mshahara wa Daktari ulikuwa gulden 200 kwa mwaka. Kwa vitabu vyake, vilivyowatajirisha wapiga chapa, alikataa kulipwa hata senti moja. Kila aliyebisha mlangoni hakuondoka mikono mitupu. Na zawadi iliyoingia asubuhi mara nyingi ilitoka jioni. Mwaka 1527 walilazimika kuweka rehani vikombe vitatu kwa gulden 50. Nao watu wa nyumbani waliongezeka: watoto sita waliozaliwa, na watoto yatima wa jamaa, na shangazi Magdalena, na wanafunzi wa chuo, na wakimbizi, na wageni wasiokuwa na hesabu. Mara nyingine waliokula mezani walikuwa thelathini na kuzidi.

Sasa, wasomaji wapenzi, tukumbuke kwamba katika Ujerumani ya siku zile chai na kahawa zilikuwa hazijafika. Kinywaji cha kila siku, cha mkubwa na mdogo, kilikuwa bia nyepesi. Kuinunua kwa watu thelathini, siku kwa siku, kungalimaliza mshahara wa Daktari kabla ya mwaka kufika nusu. Bibi Katharina akafanya hesabu, akaona njia moja tu: kuipika mwenyewe. Wale watawa wa kale walikuwa na haki ya kupika bia katika nyumba ile; na mtawala wa Saxony alipowapa Luther na mkewe nyumba iwe mali yao, mwaka 1532, haki hiyo ikawa yao pamoja nayo. Mama huyu akakishika kiwanda cha watawa, akakifanyia kazi.

Vyombo vya kupikia bia wakati ule havikuwa vya ajabu. Vingi vilikuwa vya mbao, navyo fundi wa mapipa aliweza kuvitengeneza na kuvirekebisha papo hapo mjini. Kwanza palitakiwa chombo cha kulowekea shayiri, na sakafu safi ya kuitandaza hata ichipuke, na mahali pa moto pa kuikausha; hicho ndicho kimea. Kisha palitakiwa pipa kubwa lililo wazi juu, ambamo kimea kilichopondwa kilichanganywa na maji ya moto. Chini ya pipa walitandika majani makavu au vijiti, yakawa chujio, maji matamu yakatoka safi na machicha yakabaki. Maji yale yalichemshwa pamoja na maua ya hopsi, yanayotia uchungu na kuizuia bia isiharibike upesi. Yakapozwa katika vyombo vipana visivyo na kina, yakatiwa chachu, ndiyo povu lililohifadhiwa toka upishi uliotangulia. Mwisho yakaingia katika mapipa yaliyopakwa utomvu wa misonobari ndani yasivuje, yakawekwa chini ya ardhi penye baridi.

Kipimajoto hakikuwapo, mpishi alipima kwa kidole chake na kwa macho yake. Wala hapakuwapo mtu aliyejua chachu ni kitu gani hasa. Walijua tu kwamba chombo kichafu huharibu kazi ya siku nyingi, kwa hiyo waliosha na kuosha tena kwa maji yanayochemka. Kitu cha gharama kilikuwa kimoja: sufuria kubwa ya shaba. Katika miji mingi ya Ujerumani sufuria hiyo ilikuwa mali ya mji, ikichukuliwa nyumba kwa nyumba, kila mmoja akiitumia kwa zamu. Hivyo hata asiye na fedha nyingi aliweza kupika.

Tena hakikupotea kitu. Machicha yaliyokwisha kutoa bia nzuri yalimwagiwa maji mara ya pili, na bia hafifu iliyopatikana ikawa kinywaji cha watumishi na cha watoto. Machicha yaliyobaki yalikuwa chakula cha nguruwe, na Bibi Katharina alikuwa na nguruwe, na ng'ombe, na mbuzi, na kuku. Alikuwa pia na bustani na bwawa la samaki. Mwaka 1540 walinunua shamba la Zulsdorf kutoka kwa ndugu yake kwa gulden 610. Shamba lililisha nyumba, nyumba ikalisha wanafunzi, na wanafunzi, wakiketi mezani kwa Daktari, wakaandika maneno yake ambayo Kanisa limeyasoma karne nyingi.

Kazi hiyo haikukosa hatari. Mwaka 1532, walipokuwa wakijenga chumba cha chini ya ardhi, kuta zake zilianguka, na Daktari na mkewe waliokuwa ndani wakaponea chupuchupu. Hata hivyo mama aliendelea. Aliamka saa kumi alfajiri, na mumewe kwa utani akamwita nyota ya asubuhi ya Wittenberg. Na Daktari alipokuwa safarini Dessau mwaka 1534, alimwandikia kwamba bia ya huko haimpendezi, akatamani apelekewe ile ya nyumbani. Twafikiri hakuna mke wa mchungaji asiyefurahi kupata barua ya namna hiyo.

Wasomaji wetu wa Uchagani hawatayashangaa haya. Mama zao wamejua tangu zamani kuchipusha ulezi na kuuchanganya na ndizi zilizopikwa, wapate mbege. Nao wa Bukoba wajua kutengeneza rubisi katika mtumbwi uliochongwa katika gogo, uliofunikwa kwa majani. Chombo chao hakikuagizwa Ulaya. Kilitoka shambani mwao. Bibi Katharina angalikitazama chombo hicho akakielewa mara moja.

Lakini hapa twajua swali lililo moyoni mwa wengi, kwani sisi wachungaji twaliulizwa mara nyingi: Je! mwatukataza ulevi, na mama wa Matengenezo mwenyewe alipika bia? Twajibu bila kuficha. Alipika, naam. Lakini Daktari Luther hakuacha kuwakemea Wajerumani wenzake kwa ulevi wao. Mwaka 1539 alihubiri wazi juu ya jambo hilo, akiwataka wawe na kiasi. Nyumbani mwake bia ilipimwa kama mkate ulivyopimwa. Mama aliyeishika funguo ya chumba cha mapipa ndiye aliyeishika pia hesabu ya nyumba. Mlevi huichukua fedha ya watoto akaipeleka pombeni; Bibi Katharina alifanya kinyume, aliifanya pombe iilinde fedha ya watoto. Basi mtu asitafute udhuru katika mapipa yake. Nasi tumewazika watu ambao wangalikuwa hai leo kama si pombe. Hatuwezi kuandika juu ya jambo hili kwa mzaha.

Daktari Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546 huko Eisleben. Alikuwa amemwandika mkewe kuwa mrithi na mlezi wa watoto, kinyume cha desturi ya nchi, kwa maana alijua ni nani aliyeijenga nyumba ile. Wakubwa wengine hawakupendezwa. Walimwona mama huyu kuwa mwenye kupenda mali na mwenye amri nyingi. Kisha vita vikaja. Alikimbia mara mbili na watoto wake, na aliporudi Wittenberg mwaka 1547 alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo imekwisha. Akakopa fedha, akapokea tena wanafunzi wa kula na kulala, akaanza upya kazi aliyokuwa ameianza mwaka 1525.

Mwaka 1552 tauni ikaingia Wittenberg. Alipokuwa akisafiri kwenda Torgau, farasi waliogopa; akaanguka katika mtaro wenye maji baridi, akaumia sana. Baada ya kuugua miezi kadhaa alifariki huko Torgau tarehe 20 Desemba 1552, akazikwa katika kanisa la Mariamu Mtakatifu. Ni mji ule ule wa Leonhard Koppe, aliyempakia garini mwake usiku ule wa Pasaka.

Wapenzi, twawaza hivi. Daktari alifundisha kwamba mjakazi afagiaye nyumba kwa imani amtumikia Mungu sawa na ahubiriye mimbarani. Neno hilo ni rahisi kuhubiriwa, ni gumu kuishiwa. Nalo liliishiwa hasa na mkewe, penye moshi, na maji ya moto, na mapipa ya kusugua. Katika nyumba nyingi za wachungaji na wainjilisti mshahara huisha kabla ya mwezi, na yuko mama ambaye kwa kuku wake na bustani yake huifanya kazi ya Injili isikwame. Hatumtaji katika taarifa za sharika. Tukumbuke basi kumshukuru Mungu kwa ajili yake, na tumshukuru yeye mwenyewe pia, angali anatusikia.