Leakey, taya la Kanam na ubongo wa Olduvai

Jina la Dkt. Louis Leakey liliwahi kuchafuka kwa sababu ya vigingi vya chuma.

Mtaalamu huyo wa mambo ya kale, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kulelewa miongoni mwa Wakikuyu, alipata taya huko Kanam mwaka 1932, akadai ni la binadamu wa kale kupindukia. Kanam ilikuwa katika Wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka mjini Kisii na kuenea hadi Nyamarambe. Hiyo ndiyo nchi ya mafundi wa Kigusii waliosifika kwa kufungua fuvu la mgonjwa naye akapona. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alifika kujionea. Leakey akashindwa kumwonyesha mahali penyewe: vigingi alivyopigilia vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitegemea ilikuwa ya mahali pengine. Boswell aliyaandika hayo katika jarida la Nature, na kusema kweli lawama ilimstahili Leakey.

Ilipita robo karne. Mwaka 1960 mwanawe, Jonathan, alifukua huko Olduvai, Tanganyika, taya la chini pamoja na vipande vya pande mbili za fuvu la kijana. Ubongo huoza, kinachosalia ni umbo lake ndani ya mfupa. Leakey alimkabidhi kazi hiyo Phillip Tobias wa Johannesburg, ambaye alipima kwa mkono sehemu iliyokuwepo, kisha akakadiria iliyokosekana. Alipata takriban sentimita za ujazo 680.

Hapo ndipo palipokuwa na kizungumzaji. Kwa kipimo cha Arthur Keith, asiyefikisha 750 hakuhesabiwa kuwa mtu. Mwezi Aprili 1964 Leakey, Tobias na John Napier walimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, wakateremsha kipimo hadi 600. Wapinzani walinung'unika kwamba mlango umepanuliwa ili mgeni apite.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, ubishi ukiendelea. Mwaka 2015 watafiti, akiwemo mmoja wa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, waliipiga mifupa ile picha za eksirei za kompyuta, wakaunganisha vipande kwenye skrini bila kuvigusa. Ubongo ukakadiriwa kuwa kati ya 729 na 824, mkubwa kuliko makadirio yote yaliyotangulia. Taya, kwa upande wake, lilionekana refu na jembamba, likifanana na la viumbe wa kale zaidi.