Clarence DeMar, muzee mwenye hakuacha mbio

Kila siku ya posho asubuhi, mbele jua lipande, tunawaona ku barabara zetu: wababa na wamama wa miaka 50, wa miaka 60, wamevaa baskets na fulana, wanafanya footing. Mwezi wa kwanza wanakuwa kundi kubwa, wanasalimiana, wanacheka. Mwezi wa tatu kundi limepunguka. Mumoja analalamikia goti. Mwengine anasema kazi inamubana. Wa tatu hasemi kitu, lakini tunajua: vijana wanamupita kila siku, na ile inamuvunja moyo. Hapa ku gazeti pia tuko na wenye walianza vizuri, na leo baskets zao zinalala chini ya kitanda.

Juu ya hao wote, na juu yetu sisi wenyewe, leo tunaeleza maisha ya Clarence DeMar, Mumarekani mwenye alikufa mu mwaka wa 1958. Wenye kupenda mbio wanamujua kwa sababu alishinda marathon ya Boston mara 7, hesabu yenye hakuna mukimbiaji wa miguu mwengine alifikia kule mpaka leo. Lakini sisi hatutakawia sana ku zile mara 7. Yenye inatugusa zaidi ni miaka yenye ilifuata, wakati hakushinda tena, na hakuacha kukimbia.

DeMar alizaliwa tarehe 7 mwezi wa 6, 1888, ku Madeira, mu Ohio. Alipokuwa na miaka 8, baba yake alikufa. Mama alibaki na watoto na hakuwa na pesa; akahama nao mpaka Massachusetts. Alipofika miaka 10, mutoto alipelekwa ku masomo yenye ilikuwa ku kisiwa, mbele ya bandari ya Boston. Pale walikuwa wanafundisha vijana wa maskini kulima na kazi za mikono. Kisiwa ni kisiwa: maji pande zote, na mama iko ngambo. Alikomaa akiwa mutu wa kunyamaza, mwenye kujitegemea, na mwenye kukasirika haraka. Tunasema ile pia, kwa sababu hatuelezi maisha ya malaika.

Kiisha alitoka kule, akafanya kazi ku mashamba mu Vermont, akaingia ku chuo kikuu cha kule. Pale njo alianza mbio za kushindana, na alikuwa amekwisha kupita miaka 20. Wengi wanafikiri mukimbiaji mukubwa anaonekana tangu utoto. Huyu alianza kwa kuchelewa.

Masomo hakumaliza, kwa sababu mama alihitaji musaada. Akarudi karibu na Boston, ku muji wa Melrose, akashika kazi ya kupanga herufi ku kiwanda cha kuchapa. Bazee wa kazi yetu wanaikumbuka kazi ile: kusimama siku muzima mbele ya kasha la herufi za risasi, kuziokota moja moja, kuzipanga kinyume, na jioni miguu inawaka moto. Mutu mwenye kutoka ku kazi ya namna ile, wakati wa mazoezi atautoa wapi?

DeMar aliutoa ku barabara. Kutoka kwake mpaka kazini ilikuwa karibu kilomita 11. Pahali pa kupanda tram, alikuwaka anakimbia, na shati kavu mukononi ya kubadilisha akifika. Jioni anaweza kurudi vilevile. Hakungojea siku yenye iko na nafasi, kwa sababu siku ya namna ile haikuwa inakuja. Aliingiza mbio ndani ya safari yenye alipaswa kufanya kwa vyovyote. Tunaomba musomaji ashike jambo hili, kwa sababu tutalirudilia.

Mu 1910 alikimbia Boston mara ya kwanza, akawa wa pili. Mwaka wenye ulifuata, 1911, alirudi. Mbele ya mbio waganga walikuwaka wanasikiliza moyo wa kila mukimbiaji. Walipomusikiliza yeye, walisikia sauti yenye haiko sawa. Wakamushauri aachane na mbio, na kama anachoka njiani, asimame. DeMar hakusimama. Alishinda, tena kwa saa 2, dakika 21 na segonde 39. Wakati ule njia ya Boston haikuwa bado kilomita 42, ilikuwa karibu 39, lakini hakukuwa mwenye alikuwa ameikimbia mbio kumupita.

Alikuwa na miaka 22, na kikombe mukononi. Mutu angefikiria kwamba maneno ya waganga yamekwisha kusahauliwa. Apana. Neno la munganga juu ya moyo ni kama musumari: hata ukiungoa, tundu linabaki. Mu 1912 alienda ku Michezo ya Olimpiki ku Stockholm, siku ya joto kali sana. Alifika wa 12. Siku ile ile mukimbiaji mumoja wa Ureno, Francisco Lázaro, alianguka njiani, na kesho yake akakufa. Kijana mwenye waganga wamemuambia kwamba moyo wake si muzuri, anarudi nyumbani na habari ya namna ile.

Basi akaacha, karibu kabisa. Haikuwa tu juu ya woga. DeMar alikuwa mutu wa dini, Mubatisti, na alijiuliza kama kutafuta kushinda wengine haiko kiburi. Tena alikuwa na masomo: mchana kazi, usiku darasa, mpaka akapata diploma ku Harvard, na nyuma yake ingine ya juu zaidi ku chuo kikuu cha Boston. Mu 1917 alijaribu tena Boston, akawa wa tatu. Kiisha vita vikamuchukua kuwa askari. Ile miaka 10 yenye mukimbiaji anakuwa na nguvu kupita zote, kutoka 22 mpaka 32, yeye karibu yote aliipoteza. Hapa njo tunapenda kusimama kidogo. Ni nani kati yetu hana miaka ya namna ile? Miaka ya kuzaa, ya kulipa minerval ya watoto, ya vita, ya kukimbia makwao, ya woga. Mutu anafika miaka 50 na anasema: wakati wangu umepita. DeMar angeweza kusema vile, na hakuna mwenye angemulaumu.

Mu 1922 alirudi ku Boston. Alikuwa karibu kutimiza miaka 34, na wenye kujua mbio walimuhesabu kama muzee. Alishinda kwa wakati mupya wenye kupita ule wa zamani. Akashinda 1923. Akashinda 1924. Mwaka ule ule wa 1924 alienda ku Olimpiki ya Paris, na pale, ku kiwanja cha Colombes, akawa wa tatu ku marathon, nyuma ya Stenroos wa Finland na Bertini wa Italia. Akashinda Boston tena 1927, tena 1928, na mara ya mwisho 1930. Alikuwa na miaka 41. Hakuna mwenye ameshinda mbio ile na miaka mingi kumupita.

Na katika wakati ule wote, alikuwa anaamuka anaenda kazini. Mbio hazikumupatia mushahara. Zilimupatia vikombe, na vikombe havipikwi. Aliendelea kupanga herufi, kiisha akaitwa kufundisha kazi ya kuchapa ku masomo ya waalimu ya Keene, mu New Hampshire. Alioa akiwa amepita miaka 40, na wakazaa watoto 5. Siku za mapumziko alifundisha watoto wa kanisa. Barabarani, kama mutu anakuja kumusumbua wakati anakimbia, alikuwaka mukali, na wengine waliondoka pale na maumivu. Tulisema, hakuwa malaika.

Sasa tunafika fasi yenye inatuhusu.

Nyuma ya 1930, ushindi wa Boston ulikwisha. Vijana walikuja, mumoja nyuma ya mwengine, wakamupita. Mutu mwenye alikuwa wa kwanza mara 7, sasa anawaona migongo. Tunajua wachezaji wengi wenye kufika pale na kuacha siku ile ile, kwa sababu haya inawakula. Wanabaki ku kiti cha bar, wanaeleza kila siku ushindi wa zamani. DeMar aliandika ushindi wake mu buku moja mu 1937, akalifunga, na akarudi barabarani.

Mwaka kwa mwaka, tarehe 19 mwezi wa 4, alikuwa ku mustari wa kuanzia. Miaka 50 ikapita. Miaka 60 ikapita. Kwa jumla alikimbia Boston zaidi ya mara 30. Ku miaka yake ya mwisho alikuwa anafanya kazi ya usiku ku gazeti moja la Boston, kazi ya herufi na ya kusahihisha, na mchana alikuwa na shamba lake la kuangalia. Mbio ndogo ndogo za miji ya karibu, zenye hata gazeti haziandiki, alikuwaka anazikimbia pia. Mara ya mwisho ku Boston ilikuwa 1954. Alikuwa na miaka 65. Mushindi wa siku ile, Veikko Karvonen wa Finland, alitumia saa 2 na dakika 20. DeMar alitumia karibu saa 4. Wakati alifika, mushindi amekwisha kuoga na kula. Alikuwa wa 78.

Sisi tunaona kwamba ile hesabu ya 78 inalingana na zile ushindi 7, na siku ingine inazipita. Kushinda kunaomba nguvu, na nguvu ni zawadi yenye kurudi kwa mwenyewe. Kufika wa 78, mbele ya watu wenye walikuona wewe wa kwanza, kunaomba kitu kingine: mutu awe amekwisha kutenganisha furaha ya kukimbia na furaha ya kupita wengine. Pengine zile miaka za dini na za mashaka, zenye alijiuliza juu ya kiburi, hazikupotea bule. Alitoka pale na jibu, na jibu lake liko mu miguu: alikimbia akishinda, akakimbia akishindwa.

Mu 1957, na miaka 69, alikimbia mbio moja ya kilomita 15. Mwaka mumoja nyuma, tarehe 11 mwezi wa 6, 1958, alikufa ku Reading, mu Massachusetts. Alikuwa ametimiza miaka 70 siku 4 mbele. Hakuuawa na moyo. Aliuawa na kansere.

Na ule moyo? Waganga wa 1911 walikuwa wameuogopa, na sasa waganga wengine waliupasua na kuuangalia. Mumoja kati yao alikuwa Paul Dudley White, mwalimu mukubwa wa magonjwa ya moyo, mwenye alimutunza Rais Eisenhower. Mu 1961 waliandika mu gazeti la waganga yale waliona: mishipa yenye kuupatia moyo damu ilikuwa mipana mara 2 ao mara 3 kuliko ya mutu wa kawaida. Miaka karibu 50 ya barabara ilikuwa imeandikwa ndani mule.

Musomaji asituelewe vibaya. Moyo wa mutu mumoja hauwezi kuwa sheria kwa mioyo yote, na waganga wenyewe hawakusema vile. Mwenye kupita miaka 50 na anataka kuanza footing, aende kwanza apimwe presha na moyo, na kama kifua kinamubana njiani, asimame, asijifanye DeMar. Waganga wa leo wako na vyombo vyenye wale wa 1911 hawakuwa navyo. Lakini mwenye ameruhusiwa na munganga, na anaacha tu kwa sababu ya haya ao uvivu, huyu njo tunamuandikia.

Kwake tunaokota mambo mawili ku maisha haya. La kwanza ni lile la shati kavu. Usitafutie mbio fasi ku siku yako. Zipeleke ndani ya njia yenye utapita kwa vyovyote, ya kazi, ya soko, ya kanisa, hata kama ni kilomita 2 na hata kama ni kwa kutembea haraka. Mwenye kungojea nafasi anazeeka akingojea. La pili ni la 78. Usihesabu vijana wenye wanakupita. Hesabu asubuhi zenye umetoka nyumbani.

Ku Keene, kule alifundisha, wanafanya kila mwaka marathon yenye jina lake. Sisi hatuna ile. Tuko na barabara, tuko na siku ya posho, na tuko na zile baskets chini ya kitanda. Wiki hii tutazitoa, tuzikungute mavumbi. Wenye kutupita, watupite muzuri.