Carey Francis: Mwalimu Mkuu Aliyerudi Darasani

Miongoni mwa waliojenga elimu ya sekondari nchini Kenya, jina la Edward Carey Francis lingali linatajwa panapozungumziwa nidhamu ya ualimu, hususan kuingia darasani kwa wakati na kufika mbele ya wanafunzi ukiwa umejiandaa.

Francis alizaliwa London mwaka 1897. Baada ya kushiriki Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafuzu na kuwa mhadhiri huko. Mwaka 1928 aliuacha wadhifa huo, akaja Kenya kupitia shirika la kimisionari la CMS na kuongoza Shule ya Maseno, eneo la Nyanza.

Wakati huo vitabu vya kiada vilikuwa haba. Mwalimu asiye na kitabu hana pa kuanzia anapoandaa somo la kesho. Francis aliandika kitabu cha hisabati kwa Kiswahili, Hesabu za Kikwetu, ili mwalimu na mwanafunzi wawe na mazoezi katika lugha waliyoielewa.

Mwaka 1940 alihamia Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, akawa mwalimu mkuu kwa miaka 22. Majukumu ya uongozi hayakumtoa darasani. Aliendelea kufundisha hisabati. Alisifika kwa ukali katika kutunza muda, na hakujiondoa katika kanuni alizowawekea wengine. Wapo wanafunzi wake waliotofautiana naye kuhusu siasa za ukoloni. Hata hivyo, bidii yake ya kazi haikutiliwa shaka. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Jaramogi Oginga Odinga huko Maseno na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o huko Alliance.

Alipostaafu mwaka 1962, angeweza kurejea Uingereza kwa heshima. Badala yake alikwenda kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida chini ya uongozi wa mwingine. Kazi hiyo aliifanya hadi alipofariki mwaka 1966.

Hivi leo Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) huwatathmini walimu kwa kuzingatia, pamoja na mengine, mahudhurio ya vipindi na maandalizi ya masomo. Hesabu yake ni nyepesi. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Mwalimu anayechelewa dakika 10 amepunguza robo ya somo. Akifanya hivyo katika vipindi vitano kwa juma, wanafunzi wamepoteza dakika 50, zaidi ya kipindi kizima. Mtoto wa mzazi mwenye uwezo huenda akalipiwa masomo ya ziada. Yule wa Pumwani hana pa kuzifidia, ila kwa mwalimu anayefika kengele inapolia, somo likiwa tayari.