Siti binti Saad: Masimulizi ya Msanii na Ushahidi wa Nyimbo Zake

1.0 Utangulizi

Siti binti Saad ni miongoni mwa wasanii wachache wa kale wa Pwani ambao maisha yao yametufikia kwa njia mbili: nyimbo walizoimba na masimulizi waliyoyatoa wenyewe. Makala haya yanayaeleza maisha hayo kwa muhtasari na kudai kwamba njia hizo hazina budi kusomwa pamoja.

2.0 Maisha Yake

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, baba akiwa Mnyamwezi na mama Mzigua. Utumwa ulikuwa haujakomeshwa, naye akaitwa Mtumwa. Hakupata elimu ya kusoma na kuandika. Alijifunza ufinyanzi, na alipopeleka vyungu mjini aliinadi biashara yake kwa kuimba.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin wa Nadi Ikhwan Safaa alimfundisha uimbaji. Baadaye akaimba pamoja na Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na wenzao. Taarabu, iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu katika kasri ya Sultani, wao waliiimba kwa Kiswahili. Waliomhusudu walimkejeli kwa asili na sura yake. Aliwajibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya uzuri. Hatimaye jina la Mtumwa lilifunikwa na lile la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea mwambao mzima. Alifariki Julai 1950.

3.0 Masimulizi na Nyimbo

Karibu na mwisho wa uhai wake, Siti alimsimulia Shaaban Robert habari zake. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa Wasifu wa Siti binti Saad, uliotolewa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hivyo mfinyanzi asiyejua kuandika akaingia katika kurasa za wanazuoni.

Hata hivyo, msimulizi ni mmoja na mwandishi ni mwingine. Shaaban Robert, mshairi wa maadili, alimchora Siti kama kielelezo cha bidii na subira. Nyimbo zinaonyesha upande wa pili. Wimbo wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, unailaumu mahakama: mwuaji alivuka kwenda Mrima, na waliofungwa ni wanawake waliotoa ushahidi. Hapa Siti hasubiri, anashtaki.

4.0 Hitimisho

Mtafiti atakayeutegemea wasifu peke yake atampata mwanamke mwema na kumkosa mlalamikaji. Atakayezitegemea nyimbo peke yake atayasikia malalamiko bila kumjua aliyetoka Fumba na vyungu kichwani. Siti aliacha vyote viwili, na ni wajibu wetu kuvisoma vyote viwili.