Anuarite na Mama Yake

Anuarite Nengapeta alizaliwa mwaka 1939 huko Wamba, mbali kaskazini ya Goma. Mama yake, Isude, alizaa mabinti sita, wala hakupata mtoto wa kiume. Kwa sababu hiyo baba alimfukuza mkewe, akaoa mwingine.

Anuarite alitamani kuwa sista. Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokwenda kwa masista wa Bafwabaka. Anuarite akapanda pamoja nao, bila kumuaga mama yake. Hivyo mama aliyeachwa na mume aliachwa na binti pia. Alimtafuta, hata akapata habari. Lakini hakumrudisha nyumbani. Alimwacha afuate wito wake.

Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri. Wazazi wake walikuwapo, wakatoa mbuzi wawili kwa furaha.

Tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, kanali wa waasi wa Simba alitaka kumfanya mke wake. Anuarite alikataa, akauawa. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa.

Mama alimsamehe binti aliyeondoka bila kuaga. Binti naye alimsamehe muuaji wake.