Wangari Maathai, Mlinzi wa Hewa Yetu

Wanafunzi wenzangu pamoja na walimu wetu, tukisikia jina la marehemu Profesa Wangari Maathai, wengi wetu tunafikiria miti tu. Kumbe somo la hewa safi alilipata katika mji wa moshi!

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Mwaka wa 1960 alienda Marekani kusoma, na baada ya shahada ya kwanza akajiunga na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huo ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Hapo zamani moshi ulikuwa mzito hata taa za barabarani ziliwashwa saa sita mchana. Mwaka wa 1948, katika mji jirani wa Donora, moshi ulituama siku kadhaa ukaua watu wapatao 20. Huko Pittsburgh, Wangari aliwakuta wenyeji wakipigania hewa yao isafishwe. Akajionea kwamba wananchi wakishikana, kilichoharibika hutengenezeka.

Alirudi Kenya mwaka wa 1966. Mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, na mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement.

Basi mwaka wa 1989 ikasikika ati jumba la ghorofa 60 litajengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, mapafu ya Nairobi, mahali ambapo hata mtu asiye na senti aliweza kupumzika na kupumua. Wangari akaandika barua huku na huku. Wabunge walimkejeli, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi ya serikali. Je, alinyamaza? Hata kidogo! Mwishowe wenye pesa wa ng'ambo walijitoa, na jumba halikujengwa. Januari 1999 alipigwa hadi akajeruhiwa kichwani akitetea msitu wa Karura. Mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata.

Saratani ilimwondoa tarehe 25 Septemba 2011, wakati wengi wetu hatujui kusoma wala kuandika. Hata jeneza lake halikuwa la mbao, bali la mianzi, mafunjo na gugu maji.

Sasa sisi wa Bumula, tusidhani moshi ni shida ya Nairobi peke yake. Mjini Bungoma kuna malori ya kwenda Malaba, bodaboda na takataka zinazochomwa kando ya njia. Nyumbani nako mama anapulizia kuni mbichi, mtoto yuko mgongoni. Chembe za moshi huo hupenya hadi ndani ya mapafu, zikaleta nimonia kwa watoto, kuzidisha pumu na kudhuru moyo.

Wenzangu, tusingoje tuwe maprofesa. Tuanike kuni zikauke, tufungue madirisha ya jikoni, taka za shamba tuzifanye mbolea badala ya kuzichoma, na tupande miti. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.